Programu ya Bure na Picha ya Papa Ngoy

Kila siku masomo yalipomalizika, Evodie hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alifuata njia ya kando ya reli, akavuka barabara ya vumbi ya Kataki, akafika kwenye chumba chenye mlango wa buluu. Juu ya mlango baba yake alikuwa ameandika kwa mkono wake: STUDIO RUPHIN, PICHA ZA KILA AINA. Ndani mlikuwa na pazia jeupe, kiti kisicho na mgongo, mashine ya kuchapa picha, na kompyuta moja iliyofunikwa kitenge kama mtoto mchanga asipigwe na baridi.

Evodie alikuwa na miaka kumi na mitatu na vidole vyepesi. Papa Ruphin alipiga picha, Evodie akazisafisha. Mteja akija na uso unaong'aa kwa jasho, Evodie aliupangusa kwenye kompyuta. Shati likikosa kifungo, alikitia. Na kama mtu hana suti, naye anataka kuonekana na suti, Evodie alimvalisha, na fundi cherehani asijue.

Programu ya kutengenezea picha ilikuwa nzito kufunguka. Wakiingoja, baba na mtoto walitegana vitendawili.

"Kitendawili!" alisema Papa Ruphin.

"Tega!"

"Nina mpangaji nyumbani kwangu. Haleti kodi hata siku moja. Mimi ndiye ninayemlipa kila mwezi."

"Panya!"

"Panya humlipi. Panya anajilipa mwenyewe."

Evodie alicheka, akatazama kioo cha kompyuta ambako kiduara kilikuwa bado kinazunguka. "Nimepata! Ni programu!"

"Umepata. Na mwezi huu mpangaji wetu amekaribia kudai."

Ndivyo ilivyokuwa. Programu ile hununui ukaimiliki kama sufuria. Unaikodi mwezi kwa mwezi. Papa Ruphin alikuwa akipeleka dola ishirini kwa Papa Félicien, mwenye duka la kutuma pesa, naye Papa Félicien akazilipa huko ng'ambo kwa kadi yake ya benki. Mwezi ukiisha kabla ya pesa kufika, programu ilijifunga. Zamani hilo halikuwa tatizo. Lakini siku hizi kila mtu ana simu ya kupiga picha, na studio iliishi kwa picha za vyeti vya shule, za komunyo ya kwanza na za misiba tu. Mwezi uliopita programu ililipwa kwanza, minerval ya Evodie, yaani karo ya shule, ikangoja, na Evodie akarudishwa nyumbani siku mbili, daftari mkononi, wenzake wakimtazama kwa dirisha.

Jumatano alasiri aliingia Mama Bibiane, jirani yao wa nyumba ya tatu, amejifunga kitambaa cheusi. Mume wake, Papa Ngoy, alikuwa baharia wa mitumbwi mikubwa ya mizigo inayokwenda Moba kwa njia ya ziwa. Wiki sita zilizopita upepo uliupindua mtumbwi wao. Wenzake wawili waliogelea mpaka ufukoni. Yeye hakuonekana, wala mwili wake haukuonekana. Kwa hiyo hapakuwa na kaburi. Jumamosi familia ingeanua matanga, na kanisani, mahali ambapo pangewekwa jeneza, pangewekwa meza yenye picha yake.

"Papa Ruphin, nimewaletea muntu wangu," alisema, akatoa simu ndogo iliyopasuka kioo.

Katika simu Papa Ngoy alikuwa amesimama bandarini, amevaa singleti, kamba begani, anacheka mpaka jino la pembeni linaonekana.

"Njo hii tu niliyo nayo," alisema Mama Bibiane. "Alikuwa hapendi picha. Alisema eti zinamaliza sura. Mumvalishe vizuri. Asisimame mbele ya padri na singleti."

Evodie alichomeka simu, akainakili picha kwenye kompyuta.

"Sasa iondoe humu ndani ya simu, mwanangu," alisema Mama Bibiane.

"Tuiache, Mama, iwe ya akiba," alisema Papa Ruphin.

"Hapana. Nikifungua simu kutafuta namba, ananicheka. Nikitaka kuona saa, ananicheka. Nimechoka kulia njiani. Nitamwona Jumamosi pamoja na watu wote. Iondoe."

Hakuwa wa kwanza kuomba hivyo. Wafiwa wengi wa mtaa ule hawakupenda kutembea na sura ya marehemu mfukoni kabla matanga hayajaanuliwa. Evodie alibonyeza, na Papa Ngoy akatoweka kwenye simu ya mke wake. Sasa alibaki mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta iliyofunikwa kitenge.

Kesho yake, wakati wa mapumziko shuleni, Evodie alimweleza rafiki yake Éliane habari za mpangaji anayelipwa. Éliane alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ninyi bado mnalipa? Dola ishirini kila mwezi? Mnalisha watu msiowajua!"

"Tufanye nini? Usipolipa inajifunga."

"Kaka yangu anayo hiyo hiyo kwenye klé." Éliane alitoa mfukoni kijiti cheusi cha kuhifadhia kazi za kompyuta. "Haidai hata faranga. Wamevunja kufuli yake tu."

"Si wizi huo?"

"Ee, Mama Superieri!" Éliane aliinama kama anayesalimu mtawa. "Umemwibia nani? Nitajie jina lake tu, nikamwombe msamaha."

Evodie hakuwa na jina la kutaja. Kijiti kikaingia mfukoni mwake.

Alipofika studio, Papa Ruphin alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Alikuwa anakwenda Lubuye kupiga picha za mahari. "Pesa hizi hapa. Zipeleke kwa Papa Félicien kabla ya saa kumi, mwisho wa programu ni leo. Picha ya Papa Ngoy uianze. Kesho nitanunua karatasi kubwa, tuichape."

"Ndiyo, Papa."

Baba alipokwisha kupinda kona, Evodie alisimama mlangoni na dola ishirini mkononi. Kwa Papa Félicien kulikuwa ni mwendo wa dakika tano. Alizitazama zile noti. Kila mwezi ishirini! Katika miezi mitatu si zinatosha minerval na viatu? Nitamwonyesha Papa mwisho wa mwezi, aliwaza. Atashangaa. Atasema mtoto wangu ana akili.

Aliingia ndani, akachomeka klé.

Kompyuta iliandika maneno: "Zima kwanza ulinzi wa mashine hii, ndipo uendelee."

Wewe unayesoma, mgeni akibisha hodi akakwambia umfunge mbwa wako kwanza ndipo aingie, utafanyaje? Evodie alimfunga mbwa.

Programu ilifunguka haraka kuliko zote alizowahi kuona. Evodie alifanya kazi mpaka jua likapungua. Alimvalisha Papa Ngoy suti ya kijivu na tai ya buluu, akaiondoa kamba begani, akaacha lile cheko na lile jino. Papa Ruphin aliporudi, alisimama nyuma ya kiti muda mrefu.

"Umemrudisha muntu," alisema kwa sauti ndogo. "Mama Bibiane atalia, lakini atalia vizuri. Pesa ulipeleka?"

"Nilipeleka, Papa."

Maneno mawili tu. Yalitoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe alishangaa. Dola ishirini zilikuwa ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda chake.

Ijumaa asubuhi, akienda shule, alikutana na Mama Bibiane amebeba beseni la unga kichwani.

"Mtaalamu wangu! Picha iko tayari?"

"Bado kuchapwa tu, Mama. Leo jioni."

"Mungu akubariki. Mimi nikitoka sokoni nitapita kwenye kibanda cha Chérie pale gare ya treni, anijazie nyimbo za kwaya kwenye simu. Kesho tutazipigisha kwenye spika."

Saa saba mchana Evodie alifungua studio. Baba alikuwa amekwenda mjini kutafuta karatasi. Aliwasha kompyuta, akangoja.

Kioo kilikuwa cheusi. Kisha yakatokea maneno mekundu, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kifaransa. Evodie aliyasoma polepole kama mtu anayesoma barua ya msiba. Picha zako zote zimefungwa. Lipa dola mia tatu ndani ya siku mbili. Ukichelewa, zitafutwa.

Alibonyeza hiki, akabonyeza kile. Akafungua kabati la picha ndani ya kompyuta. Majina yote yalikuwa yamegeuka kuwa namba na herufi zisizosomeka. Picha kumi na moja za wanafunzi kwa ajili ya vyeti vya mtihani hazikufunguka. Picha za mahari za jana hazikufunguka. Hata diski ya akiba, ambayo baba huiacha imechomekwa siku zote, nayo ilikuwa imefungwa. Alitafuta suti ya kijivu. Alitafuta singleti. Hakukuta kitu.

Aliwaza kuzima kompyuta na kusema ameikuta hivyo. Angesema ni umeme. Umeme hukatika na kurudi kwa nguvu kila siku, nani angebisha? Lakini uongo huo hata ungeaminiwa ungefaa nini? Kesho saa tatu ile meza ya kanisani ingekuwa tupu, na Papa Ngoy hana kaburi.

Aling'oa kompyuta, akaifunga kwenye kitenge, akaibeba kwa Papa Jean, fundi wa mashine kwenye barabara ya bandari. Papa Jean alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwasha, akasoma, akaguna.

"Nani kazima ulinzi?"

Evodie alitazama sakafu.

"Nimeuliza kwa sababu ya dawa, si kwa sababu ya fimbo. Ukimficha daktari mahali panapouma, atakukata mguu mzima."

"Ni mimi, Papa. Niliweka programu iliyovunjwa kufuli."

"Aha. Basi waliovunja kufuli ya programu wamekuja kuweka kufuli yao juu ya vitu vyako." Papa Jean alivua miwani. "Hizi siwezi kuzifungua, mwanangu. Na msilipe hiyo mia tatu. Mwizi hatoi risiti. Nitaisafisha mashine, lakini picha zimekwenda."

"Zote? Hata ya Papa Ngoy, ya matanga ya kesho?"

"Zote. Hiyo unayoililia ilitoka wapi kwanza? Kwenye kamera?"

"Kwenye simu ya mteja. Lakini niliifuta. Aliniambia niifute."

Papa Jean alivaa tena miwani haraka. "Ilikaa kwenye kadi ya simu, kile kibati kidogo kinachoingia ubavuni?"

"Ndiyo."

"Sikiliza sasa. Ukifuta picha kwenye kadi, haiondoki papo hapo. Umefuta jina lake mlangoni tu. Mwenyewe bado amelala ndani, mpaka mwingine aje kulala kitandani pake. Tangu siku ile mwenye simu amepiga picha nyingine? Ameingiza filamu, wimbo?"

Evodie alikumbuka. Nyimbo za kwaya. Kwa Chérie pale gare.

"Papa, saa ngapi?"

"Saa nane na nusu. Baba yako anajua mambo haya?"

Lakini Evodie alikuwa ameshatoka. Alikimbia barabara ya bandari, akapita wachuuzi wa samaki wakavu wa mikebuka, akakanyaga maji ya mtaro, kandambili moja ikakatika. Aliivua na ya pili, akaendelea pekupeku. "Nani anakufukuza, dada?" aliita kijana mmoja wa baiskeli. Akilini Evodie alikuwa akitunga maneno ya kumwambia Mama Bibiane. Nitasema kadi ina ugonjwa. Nitasema Papa ameitaka kidogo tu. Nitasema...

Kibanda cha Chérie kilikuwa na watu sita wanaongoja, na spika ikipiga kelele. Mama Bibiane alikuwa ameketi kwenye kreti ya chupa. Simu yake iliyopasuka ilikuwa juu ya meza, imeunganishwa kwa waya na kompyuta ya Chérie.

"Mama! Naomba hiyo simu!" Evodie alitweta.

"Ee, Evodie? Kuna nini, mtoto?"

"Papa anaitaka kidogo. Ana... kadi yake ina..."

"Ngoja basi nyimbo ziishe," alisema Chérie bila kugeuka. "Arobaini amelipia. Ziko kumi na mbili sasa."

"Isimamishe!"

"Mtoto huyu ana wazimu?" alisema mwanamume mmoja kwenye foleni. "Njoo ungoje nyuma kama wengine."

"Kumi na tatu," alisema Chérie.

Mama Bibiane alikunja uso. "Evodie, mimi nimetoka sokoni tangu asubuhi, miguu inaniwaka. Nikitoa simu sasa napoteza nafasi. Baba yako anataka nini? Sema vizuri."

Evodie aliona namba kwenye kioo cha Chérie ikigeuka. Kumi na nne. Kila wimbo ulikuwa ni mpangaji mpya anayetafuta kitanda. Hapakuwa na uongo mfupi wa kutosha.

"Picha ya Papa Ngoy imepotea!" alisema kwa sauti kubwa kuliko spika. "Mimi ndiye niliyeipoteza. Nilipewa pesa za kulipa programu, sikulipa. Nikaweka ya wizi. Imefunga kila kitu. Imebaki ndani ya kadi yako, chini ya hizo nyimbo, na kila wimbo unaoingia unaweza kuikalia juu. Mama, nakuomba, toa huo waya."

Chérie alizima spika. Watu sita wote walimtazama Evodie, na miguu yake mitupu, na matope.

Mama Bibiane aliinuka kwenye kreti, akafika mezani kwa hatua mbili, akang'oa waya kwa mkono wake mwenyewe.

Njia yote ya kurudi alitembea mbele, simu ameishika kifuani kwa mikono miwili. Evodie alifuata nyuma. Angependa atukanwe.

Papa Ruphin walimkuta kwa Papa Jean. Alikuwa amerudi na karatasi zake, akakuta meza haina kompyuta, akaulizia jirani kwa jirani mpaka akafika pale. Papa Jean hakuwa amemwambia kitu. "Yatasemwa na mwenyewe," ndivyo alivyomjibu. Evodie akayasema, mara ya tatu siku ile, yote, pamoja na kopo la maziwa chini ya kitanda. Uso wa baba yake ulibadilika kidogo kidogo kama ziwa linapoingiwa na upepo.

"Jana nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Ukaniangalia machoni."

"Ndiyo, Papa."

"Tutazungumza baadaye. Jean, fanya kazi."

Papa Jean aliichomoa kadi kwa kibano, akaitia kwenye kompyuta yake ndogo ya kubeba. Akafungua programu moja isiyo na rangi wala mapambo.

"Na hiyo nayo umeivunja kufuli?" aliuliza Papa Ruphin kwa uchungu.

"Hapana, ndugu yangu. Hii walioitengeneza waliitoa wenyewe, kila mtu aitumie bila kulipa. Ziko nyingi za namna hiyo. Hata ya kutengenezea picha ipo. Mngekuja kuniuliza, ningewapa kwa furaha."

Papa Ruphin aliinamia kioo. Hata yeye hakuwahi kuuliza.

Mstari wa kijani ulianza kutembea kwenye kioo, taratibu kama konokono. Picha zilizokuwa zimefutwa zikaanza kujitokeza moja moja. Mbuzi. Sahani ya ugali na ndagala. Mtoto wa dada yake Mama Bibiane, nusu ya uso wake imekuwa kijivu.

"Hiyo wimbo umeikalia," alisema Papa Jean. "Tusubiri."

Picha ya mtumbwi ilitoka nzima. Iliyofuata ilikuwa ya kijivu tupu, haina kitu. Na nyingine tena, kijivu. Evodie aliuma kidole. Mama Bibiane alikuwa ameketi wima, midomo ikitembea bila sauti, alikuwa anasali. Mstari ulifika nusu. Ukapita nusu. Ukakaribia mwisho.

Ndipo ikaanza kufunguka picha moja kutoka juu. Mbingu ya bandari. Winchi. Nywele. Paji la uso. Kisha ikasita.

Papa Jean alisogeza uso karibu na kioo.

Yakaja macho. Likaja cheko, na lile jino la pembeni. Shingo, mabega, kamba. Kuanzia kifuani kwenda chini, yote yalikuwa kijivu.

"Njo yeye," alisema Mama Bibiane, akaweka kiganja juu ya kioo. "Na miguu yake?"

"Nyimbo zimekaa juu yake, Mama," alisema Evodie.

Mama Bibiane alifuta macho kwa ncha ya kitambaa cheusi. "Alikuwa na miguu mibaya huyu baba, imejaa nyufa. Mumvike suti."

Hapo Evodie alilia kwa sauti kama mtoto wa miaka mitano.

Papa Jean alinakili picha mara tatu, moja kwa kila mmoja wao. Akamwekea Papa Ruphin kwenye kompyuta ile ndogo programu ya bure, ile iliyotolewa na wenyewe, akawaazima mashine hiyo waende nayo studio. Haikuwa na vifungo walivyovizoea. Papa Ruphin alitafuta kifungo cha mkasi dakika kumi. Suti ya kijivu ya jana ilikuwa imepotea pamoja na mengine, wakatafuta nyingine, nyeusi, na mabega yake yalikuwa mapana mno. "Ipunguze hapo," baba alisema. "Hapo, Papa?" "Hapo hapo." Hayo tu ndiyo waliyoambiana mpaka kazi ikaisha. Jua lilikuwa bado halijazama nyuma ya vilima mashine ya kuchapa ilipotoa karatasi kubwa, na Papa Ngoy akatoka nayo akicheka.

Jumamosi saa tatu picha ilisimama juu ya meza mbele ya altare. Watu walipita mmoja mmoja wakiigusa fremu. Mabaharia wenzake wawili, wale waliofika ufukoni, walisimama mbele yake muda mrefu, na mmoja akasema, "Mzee, umependeza." Kwaya iliimba kwa midomo yake, maana simu ilikuwa na nyimbo kumi na nne tu, na Mama Bibiane hakutaka hata moja ipigwe.

Jumapili baada ya misa Papa Ruphin alimwita Evodie nje. Alikuwa na kamera begani na karatasi yenye majina kumi na moja.

"Hawa ni wanafunzi wa picha za vyeti," alisema. "Wamelipa, na picha zao hazipo hata kwenye kadi ya kamera. Tutawapiga picha tena bila malipo, nyumba kwa nyumba. Zile dola ishirini za kwenye kopo zimekwisha: nyingine kwa Jean, nyingine karatasi. Na maharusi wa Lubuye nimekwisha kuwaomba radhi mwenyewe. Hiyo haikuwa kazi nyepesi."

"Papa, nilitaka kuokoa pesa. Sikutaka kuiba."

"Najua. Ndiyo maana nakueleza badala ya kukuchapa." Walianza kutembea. "Kuokoa pesa ni akili, Evodie. Nami nimejifunza. Miezi ya kawaida tutatumia hii programu ya bure, hata kama mkasi wake umejificha. Tutalipa ile nyingine miezi ya komunyo na ya ndoa tu, wakati kazi ni nyingi. Na akiba haitalala tena imechomekwa kwenye kompyuta. Ungeniambia, 'Papa, tulipe pungufu,' tungekaa tukatafuta pamoja. Ona sasa: kitu cha bure ni cha namna mbili. Kuna anachokupa mwenyewe kwa mkono wake, na kuna unachopitishiwa dirishani. Cha dirishani bei yake huijui mpaka umekwisha kukipokea."

"Na uongo, Papa?"

"Uongo ulikuwa mbaya kuliko ile programu. Programu ilifunga picha. Uongo ulinifunga mimi macho, nisiweze kukusaidia. Angalia siku ya Ijumaa: mashine haikuipata ile picha mpaka wewe ulipofungua mdomo mbele ya watu. Ungechelewa kwa ajili ya aibu, nyimbo arobaini zingeingia."

Walifika nyumba ya kwanza. Mvulana mmoja wa darasa la Evodie alikuwa anachota maji uani, akawaona na kamera, akashangaa. Papa Ruphin alibaki nyuma hatua mbili.

"Anza wewe," alisema. "Nami niko hapa."

Evodie alisogea mlangoni, akapiga hodi. Mama mwenye nyumba alipotoka, alimsalimia kwa mikono miwili, akamwangalia machoni, akasema, "Mama, nimekuja kukueleza kosa langu."